Ukurasa wa Lushambo

Mtahini wa nje alikuwa ameijaza barua yake sifa, kisha mwishoni akaweka swali moja. Swali hilo ndilo lililowakusanya watu watatu wa kamati katika chumba cha ghorofa ya tano cha chuo kikuu, asubuhi ya baridi kali ya Julai. Murielle aliketi mbele yao bila kuvua koti, kwa sababu sweta la ndani lilikuwa limetoboka kiwikoni.

"Sura ya tatu," alisema Profesa Mokgatle, msimamizi wake, mwanamke mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Unanukuu shajara ya mapadri wa misheni ya Lushambo. Wanaeleza jinsi wanawake wa bondeni walivyolazimishwa kulima pamba, nao wakawa wanachemsha mbegu kabla ya kuzipanda ili zisiote. Sura nzima imesimama juu ya maneno hayo. Shajara uliisoma mwenyewe?"

"Ndiyo, Profesa."

"Kwa macho yako?"

"Ndiyo."

Ukweli ni kwamba Murielle hakuwahi kuitia shajara hiyo machoni. Maneno ya padri aliyakuta katika kitabu cha mwanahistoria mmoja wa Kibelgiji, pale pale maktabani, akayanakili, na chini ya ukurasa akaandika jina la shajara badala ya jina la kitabu. Kanuni aliijua. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza aliwafundisha yeye mwenyewe: ulichokisoma kwa mwenzio, sema umekisoma kwa mwenzio, andika "imenukuliwa katika," kisha taja kitabu ulichokishika mkononi. Lakini pembeni mwa rasimu yake Profesa alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Unaazima mno. Nenda kwenye chanzo. Na chanzo kilikuwa Kongo, katika chumba nyuma ya kanisa, nchi ambayo mtu mwenye karatasi ya ukimbizi akirudi huko hata kwa wiki moja, karatasi yake inakufa. Akaona aruke hatua moja tu. Nani angejua?

"Mtahini amewahi kufika Lushambo," alisema mjumbe mmoja wa kamati, mzee wa kizungu, akifuta miwani yake kwa tai. "Anasema shajara inaonyesha mwaka 1936. Yule Mbelgiji alikosea, akaandika 1934. Kila anayenakili kutoka kwake hulibeba na kosa lake. Na wewe umeandika 1934."

Murielle alijibu kabla miwani haijarudi usoni.

"Ni kosa la kuchapa," alisema. "Ukurasa wenyewe ninao. Niliupiga picha. Uko kwenye simu yangu ya zamani, nyumbani."

Wajumbe wakatazamana. Profesa Mokgatle alimwangalia kwa kitambo, uso wake ukalainika kidogo, kama mtu aliyepata alichokuwa akikiomba kimoyomoyo.

"Vizuri," alisema. "Basi tuletee kabla mwezi haujaisha, tulifunge jambo hili."

*

Walikaa Troyeville, mtaa wa Johannesburg, vyumba viwili katika nyumba ya zamani yenye roshani ya chuma, iliyogawanywa kwa mbao wakaenea watu wa familia nne. Parfait, mume wake, alirudi jioni kutoka Randburg, alikokuwa mlinzi kwenye jengo la maduka. Alivua kofia yenye nembo ya kampuni akaitundika, akanawa, akaketi. Binti yao Exaucé alikuwa kitandani na kitabu chake cha shule. Aliulizwa kwa Kiswahili kama amekula, akajibu kwa Kiingereza kwamba hana njaa.

Murielle alimweleza mumewe yote, hakuficha hata lile la simu ya zamani.

Kanisani Parfait alikuwa amekwisha kuwaambia watu kwamba Januari mke wake anaanza kazi ya mhadhiri msaidizi, na mchungaji alikuwa amewasimamisha wote wawili mbele ya waumini, wakapigiwa makofi.

"Ukiwaambia kweli," aliuliza, "watakufanya nini?"

"Wataandika kwamba nilidanganya. Ile kazi haitakuwepo. Bourse nayo, ile pesa ya masomo, wataikata."

"Kwa sababu ya mustari moja?"

"Ningesema kweli tangu mwanzo, ingekuwa mstari mmoja. Sasa nimesema uongo mbele ya kamati, papa Exaucé."

Parfait alijikuna kidevu. "Leo kijana mmoja ameniangushia kikombe chake cha kahawa miguuni, akaniambia, eish, baba, okota. Nikaokota. Mimi nimezoea. Lakini wewe, wakudharau wewe..." Hakumaliza. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Si papa yako alifundisha Lushambo?"

Murielle aliinua uso haraka. Jambo hilo lilikuwa limemjia tangu akiwa kwenye teksi, akalifukuza. Sasa limesemwa na mdomo mwingine, likawa jepesi kidogo.

"Kule kuna vita," alisema.

"Kuna vita kila siku. Watu wanaenda sokoni."

*

Kesho yake alimpigia Pitchou, mdogo wake, aliyekuwa akiendesha pikipiki ya abiria huko nyumbani, kwenye mji wa kando ya ziwa.

"Yaya, dada yangu, hapana," Pitchou alisema kabla hajamaliza kusikiliza. "Barabara ya Lushambo iko na barrières, vizuizi, kama mbaazi. Juma lililopita banaume wawili wameenda kununua mihogo, hawajarudi. Wenye bunduki wanashika kila mutu mwenye karatasi. Ukiwa na karatasi, weye ni espion, jasusi."

"Sitaki karatasi. Picha tu. Moja."

"Picha ni mbaya kushinda karatasi! Yaya, hicho kitabu hakiko huko Johannesburg?"

"Kipo, lakini si chenyewe. Ni mtu aliyekisoma akaandika."

"Basi si ni kile kile?"

Kabla Murielle hajajibu alisikia sauti ya baba yake kwa nyuma, ikiuliza ni nani, na simu ikabadilisha mkono.

Mwalimu Firmin alikuwa amestaafu miaka mingi, lakini aliendelea kuzungumza kama aliye na chaki mkononi. Aliuliza habari za Exaucé, za baridi, za Parfait. Kisha akasema, "Nimesikia. Ile shajara naijua. Iko na ngozi nyeusi, mgongo wake umeliwa na mchwa. Padri mweka maktaba alikuwa mwanafunzi wangu."

"Papa, Pitchou anasema njia ni mbaya."

"Pitchou anaogopa hata mvua. Mimi ni mzee, nani atashughulika na mzee? Nitapanda gari ya wauza samaki, nitaingia misa, nitapiga hiyo picha, nitarudi."

"Kama njia ni mbaya, papa, acha. Nasema kweli. Acha."

Maneno hayo aliyasema, na baadaye angejikumbusha mara nyingi kwamba aliyasema. Lakini aliyasema kwa sauti ya mtu anayekataa chakula na huku ananyoosha sahani. Na baba aliyemlea binti huyo alizisikia zote mbili, maneno na sauti.

"Mémoire, hiyo tasnifu yako, haitakwama kwa sababu ya page moja," alisema mwalimu Firmin. "Niambie hayo maneno yameandikwa mwezi gani."

*

Picha ilifika Jumapili mchana, wakiwa wametoka kanisani. Ilikuwa wazi kabisa. Maandishi ya padri, madogo na yaliyolala upande kama majani kwenye upepo; mwaka juu ya ukurasa, 1936; na kwenye pembe ya chini kidole gumba cha mwalimu Firmin, chenye ukucha uliopasuka, kimeushika ukurasa usijifunike. Chini ya picha aliandika: Nimeisoma mara mbili. Ni kweli, walichemsha. Bibi zako hao.

Murielle alipiga kigelegele kidogo jikoni, Exaucé akatoka mbio kuja kuona kulikoni. Parfait alicheka hadi akakaa chini. Siku hiyo walikula kuku.

Usiku ulipita bila Murielle kufikiria lingine. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda chuoni, alimpigia baba yake kumshukuru, simu haikupatikana. Mtandao wa kule ulikuwa na tabia hiyo. Aliichapisha picha kwenye duka la Mtanzania mmoja huko Bertrams, jirani yao muuza kanga na vitenge aliyeitwa Biubwa, mwenye mashine moja ya kunakili nyuma ya kaunta. Biubwa aliitazama karatasi ikitoka.

"Mbona mnasoma vitu vizee hivi, shoga?" aliuliza. "Na hiki kidole cha nani?"

"Cha baba."

"Basi mzee wako ana mikono ya kazi. Mungu amuweke."

Profesa Mokgatle aliisoma karatasi akiwa amesimama karibu na dirisha. Aliilinganisha na sura ya tatu, neno kwa neno. Maneno yalikuwa yale yale. Yule Mbelgiji alikuwa ameyanakili bila kukosea hata herufi. Kosa lake lote lilikuwa mwaka.

"Kumbe unayo kweli," alisema, akatabasamu. "Nitakuambia jambo, Murielle. Nilikuwa na hofu. Nisamehe. Rekebisha huo mwaka, nami nitaiandikia kamati."

Murielle alisema asante. Alishuka ngazi zote za ghorofa tano kwa miguu, hakungoja lifti. Aliogopa kukaa kwenye chumba kidogo na mtu yeyote akimtazama.

*

Pitchou alipiga Jumanne. Alianza na salamu ndefu isiyo yake, na Murielle akajua.

Gari la wauza samaki lilikuwa limesimamishwa likirudi, kwenye kizuizi cha mtoni. Wenye bunduki waliwashusha wote. Wakakagua simu. Kwenye simu ya mzee wakakuta picha za maandishi ya zamani, si moja, nyingi. Mwalimu hakuridhika na ukurasa mmoja, akapiga na ile iliyotangulia na iliyofuata, na ramani ya mashamba ya misheni iliyokuwa katikati, asije binti yake akaulizwa jingine. Katika bonde ambalo watu waliuana kwa kugombea nani alilima wapi kwanza, ramani ya mashamba haikuwa historia. Wakamuuliza anampelekea nani. Akasema anampelekea mtoto wake, yuko Afrika Kusini, anaandika kitabu. Jibu hilo lilikuwa kweli tupu, na hakuna jibu lingemharibia zaidi.

"Wako naye kwenye ghala ya zamani ya pamba," Pitchou alisema. "Wanataka pesa."

Walituma zilizokuwepo, kisha za mchungaji, kisha za kukopa. Parfait aliomba zamu za ziada, akawa anatoka nyumbani bila kusema neno. Kila mmoja alikuwa akikumbuka maneno ya mwenzake ya ile jioni, na kila mmoja alichelea kuyataja, kwa sababu yangekuwa na jibu.

Profesa alimwandikia kwamba kamati imeridhika. Murielle aliusoma ujumbe huo akiwa kwenye foleni ya kutuma pesa, nyuma ya mwanamke aliyebeba mtoto. Aliusoma, akaufunga, akaendelea kusogea na foleni.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Pitchou alipiga tena. Safari hii hakusalimu. Alilia tu, na Murielle akamsikiliza akilia mpaka salio lilipomwishia.

*

Kilio kilifanyika Troyeville, maana mwili ulikuwa umezikwa huko huko, haraka, na hakuna aliyeweza kusafiri. Wakatoa kitanda, wakatandika mikeka. Wakongo wa mitaa ya Turffontein na Rosettenville walikuja na viti vya kanisa. Biubwa alileta sufuria ya pilau na kuketi na wanawake, ingawa sala hazikuwa zake.

Kila aliyeingia alikuja na habari. Mchungaji alisema amesikia kwa mchungaji mwenzake wa kule kwamba mwalimu alikufa akiwa amepiga magoti, akiomba. Mama mmoja wa kwaya alisema shemeji yake amesimuliwa kwamba mzee aliwaimbia wafungwa nyimbo za Bikira mpaka askari wakalia. Mwingine alisema ni shinikizo la damu, hakuguswa hata kidogo. Mwingine, kwa sauti ya chini, alisema kinyume chake. Na mama yake Murielle, mama Thérèse, kwenye simu kutoka kule nyumbani, alishikilia lake: kuna muuguzi alimwambia mtu wa parokia, na mtu wa parokia akamwambia yeye, kwamba mwalimu alikata roho akitaja jina la Murielle.

"Jina lako lilikuwa mdomoni mwake," mama Thérèse alisema. "Hakukukasirikia, mama. Ushike hilo."

Murielle alikaa ukutani, kitambaa kichwani, akiwatazama wote hao kwa zamu. "Nani alikuwepo?" aliuliza ghafla. "Nauliza tu. Kati ya wote mliozungumza nao, nani alikuwepo?"

"Majonzi hayo," mchungaji alisema kwa upole, akaanzisha wimbo.

Profesa Mokgatle alikuja kabla ya jua kuzama, na maua mkononi, akiwa hajui aketi wapi. Watu walimpa kiti kizuri kuliko vyote. Alimshika Murielle mkono akamwambia maneno yanayosemwa. Kisha akauliza, kama watu wanavyouliza, marehemu alikuwa anaumwa nini.

"Hakuwa anaumwa," Murielle alisema. "Alikwenda kuchukua ukurasa."

Profesa hakuelewa.

"Ule niliokuletea. Sikuwa nao siku ile mliponiuliza. Sikuwahi kuuona. Nilikiona kitabu cha Mbelgiji tu. Nilirudi nyumbani nikampigia simu baba. Kidole kile ni chake."

Wanawake waliokuwa karibu hawakujua Kiingereza cha kutosha, lakini walimwona yule mgeni akiuweka mkono wake wa kushoto mdomoni na kuuacha hapo.

"Murielle," alisema Profesa. "Ungeandika tu, imenukuliwa katika. Maneno mawili. Hakuna mtu angekulaumu kwa kutokwenda huko."

"Uliandika niende kwenye chanzo."

"Niliandika." Profesa aliyatazama maua aliyoyaleta. "Naandika hivyo kwa kila mtu. Sikuwaza... Naandika hivyo kwa kila mtu." Kisha akasema, "Laiti usingeniambia. Sasa nimejua, na siwezi kukaa nalo."

"Najua," Murielle alisema. "Ndiyo maana nimekuambia."

*

Kamati haikuwa na ukatili. Iliandika kwamba imezingatia msiba. Lakini kudanganya mbele ya kamati ni kudanganya mbele ya kamati: tasnifu ilirudishwa, yeye akasimamishwa mwaka mzima, na ile nafasi ya Januari akapewa mwingine. Kanisani hakuna aliyewasimamisha mbele ya watu. Waliwasalimia kwa kuwashika mikono miwili miwili, jambo lililokuwa baya zaidi.

Parfait alilisema mwishowe, siku moja wakikunja nguo. "Mimi ndiye nilimtaja."

"Wewe ulimtaja. Mimi nilipiga simu."

"Ungekuwa hukupiga..."

"Nilipiga, papa Exaucé."

Wakaendelea kukunja. Hawakugombana siku hiyo wala siku nyingine, na pengine ingekuwa heri wangegombana.

Murielle alipata kazi ya kusuka nywele kwenye saluni ya Bertrams, akisimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu. Huko ndiko alikozoea kufikiria. Jambo moja halikumwacha: kwamba baba yake amekufa mara nyingi mno, kwenye midomo mingi mno, na kila kifo kilikuwa kizuri. Alianza kumsumbua Pitchou. Nani mwingine alishushwa kwenye lile gari? Dereva? Dereva alikimbia kabla. Abiria? Pitchou alikasirika, akasema waachwe wafu wapumzike. Lakini baada ya majuma kadhaa alituma namba bila neno lolote, na jina: Jeannine, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa amefungiwa kwenye ghala moja na mzee, pamoja na mwanawe mchanga, akaachiliwa baadaye.

Alipiga siku ya mapumziko yake, Exaucé akiwa shule, nyumba kimya.

Sauti iliyopokea ilikuwa nzito, ya mwanamke aliyezoea kuita wateja. Murielle alijitambulisha.

"Weye ndiye mutoto ya mwalimu," Jeannine alisema. "Ule wa kitabu."

"Ndiyo, mama. Nataka kujua. Nimeambiwa mengi."

"Nami nimesikia hayo mengi. Banasema aliimba. Mimi sikusikia wimbo." Akavuta pumzi. "Mama, mimi sitakudanganya, nilikuwa karibu naye kama mukono na kanzu. Walimpiga siku ya kwanza tu. Kisha wakamwacha. Lakini jua ile, na bati ile juu, na sisi wengi. Alikuwa anaomba mayi ya kunywa. Siku mbili, mayi, mayi. Mwisho sauti ikaisha, akawa anaomba kwa mudomo tu."

Murielle akauliza, "Alisema kitu juu yangu?"

"Hapana."

"Jina langu..."

"Hapana, mama. Ningesikia. Alisema mayi." Kisha, kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamwangusha: "Nilikuwa na chupa. Wale askari hawakuiona, niliificha kwenye nguo ya mutoto. Nilimpa nusu. Ile nusu ingine niliacha kwa mutoto wangu. Aliona kama nimeacha. Hakuniomba tena, mimi. Aligeuka, akawa anaomba mulango."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani. Murielle alisikiliza mpira huo kwa muda.

"Mtoto wako mzima?" aliuliza.

"Muzima."

"Aksanti, mama Jeannine."

"Unaniaksantia nini?" mwanamke yule alisema.

*

Jumapili mama Thérèse alipiga, kama kawaida yake baada ya misa. Alijua. Pitchou alikuwa ameropoka.

"Nasikia umezungumza na yule mama wa ndagala," alisema. "Alikuambia nini?"

Murielle alikuwa jikoni akichambua maharage. Angeweza kusema lolote. Mama yake alikuwa mjane, mzee, na lile jina mdomoni mwa marehemu ndilo alilokuwa akilala na kuamka nalo. Alifikiri kuliacha. Alifungua mdomo ili aliache.

"Aliomba maji, mama," alisema. "Siku mbili. Hakutaja mtu."

Ilisikika kengele ya kanisa la kule, na kuku, na mtu akiburuta kiti.

"Papa yako," alisema mama Thérèse polepole, "miaka yote ile hata chumvi hakuniomba mezani. Alikuwa anainuka, anaichukua mwenyewe." Akaongeza, "Basi kiu ilimushinda."

"Ndiyo, mama."

"Kuna mutu alimpa?"

"Yule mama alimpa. Nusu chupa. Nusu aliiweka kwa mtoto wake."

Murielle alingoja kilio. Lakini mama yake aliuliza kwa sauti kavu kabisa, ya mtu anayetafuta kitu cha kuandikia:

"Nipe namba yake. Nitamupigia mwenyewe."

Murielle akaifungua simu, akaanza kumsomea namba, moja baada ya nyingine, na kule mbali mama yake akawa anazirudia.